Bibi wa Vimio na Mafindofindo Yangu

Hadi leo mtu akipiga mwayo mbele yangu, mimi hugeuka nikatazama nyuma kama yupo. Angekuwepo, mwayo ule usingepita bure. Angemshika mwenyewe kidevu, akamwinua uso kwenye jua, akachungulia mpaka mwisho wa dunia, kisha akamwambia, "Haya, funga. Kwako kuzima," kama fundi aliyekwisha kukagua paa. Wanaume wazima, watu na kanzu zao, walizoea kubana midomo wakipita mbele ya nyumba yake pale Jang'ombe. Sheha wetu nilimwona kwa macho yangu akimeza mwayo mpaka machozi yakamtoka.

Tulimwita Bibi wa Vimio. Jina la wazee wake alikuwa nalo, tena zuri, lakini mtaa ulikwisha kulisahau. Kimio ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi, na kwetu sisi mtu akikohoa wiki mbili, au akikonda bila sababu, au akiamka na koo kama msasa, husemwa kimio kimemshuka. Kimio kikishuka hukatwa. Na wa kukata alikuwa yeye. Watu walimjia kutoka Ng'ambo nzima, kutoka Amani na mashamba ya mbali. Wengine, wallahi, walivuka bahari kutoka Pemba. Mmoja alikuja na mbuzi wake, na mbuzi naye akachunguliwa.

Alifanya kazi asubuhi tu, jua likiwa limepanda kiasi cha kuingia barazani. Taa hakuitaka. "Taa ina uongo," akisema. Alikuwa na kisu kimoja kilichopinda, urefu wa kidole, na kila siku alikichemsha kwenye kopo la maziwa mpaka maji yakauke, akaongeza mengine, yakauke tena. Mgonjwa alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, kilichong'olewa meno, mgongo ukutani. Bibi akibana ulimi kwa mpini wa kijiko, mkono unaingia, mkono unatoka, na wewe bado unasubiri aanze. Nimeona watu wakiuliza, "Bibi, lini?" na kinyama chenyewe kiko kwenye kipande cha jani la mgomba kando.

Na mkono huo huo haukuweza kuchinja kuku. Siku ya kuku alimwita jirani, akaingia ndani, akaziba masikio kwa kanga. Watu wa kuchanja ndui walipopita mtaani alijifungia chooni tangu asubuhi, akataka chakula chake aletewe huko huko. Tulimcheka. Alitwambia, "Chekeni. Mie najua kisu kinavyoingia, ndiyo maana naogopa. Nyie mnaogopa mnachokisikia tu."

Alikuwa na maneno mengine kama hayo. Akimkanya mtu anayesema huku anatafuna, alimwambia koo ni uchochoro wa Mji Mkongwe, tonge na neno wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Akimwona mama anamdanganya mwanawe kwamba hakuumi, alikasirika hasa, akaingia na maneno ya kwao Bwejuu ambayo sisi wa mjini hatukuyapata yote. Kwa mgonjwa wake hakusema hakuumi. Alisema kutauma mpaka lini. "Leo hutameza mate vizuri. Kesho utakasirika. Keshokutwa utakula uji." Na ilikuwa hivyo hivyo, siku kwa siku.

Alikuwa mjane, hana mtoto, hana mikarafuu. Alichokuwa nacho ni jina. Nalisema mapema kwa sababu jina hilo ndilo nililompotezea mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mnadi wa samaki sokoni Darajani. Sauti yangu, nisijisifu, ikitoka hapo ilikuwa ikifika Chumbe na kurudi. Lakini kila mwezi ulipoandama, koo liliniandama na mimi. Homa, shingo imevimba pande mbili kama nimemeza mayai na yakakataa kushuka, wiki nzima siwezi kunadi hata dagaa. Mama yangu alikuwa ameshafariki, nami nilipanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwa Bibi. Alinikata kimio. Nikapata nafuu miezi mitatu. Koo likarudi.

"Kimeota tena," mtaa ukasema. Ndivyo tulivyoamini wote, kwamba kimio kama ukucha, hukatwa kikaota. Nikaenda, nikakaa kwenye kibao, nikafungua. Alichungulia kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akichungulia mtu. Watu wawili watatu walikuwa barazani wakingoja zamu zao. Alikiweka kisu chini.

"Hakijaota," alisema. "Kilichokuumiza si hiki. Ni hivi viwili vya pembeni, mafindofindo. Mkono wangu haufiki huko."

"Basi nifanyeje, Bibi?"

"Tutakwenda hospitali."

Wale waliokuwa wakingoja walitazamana. Mmoja, mwanamke mnene aliyekuja na kikohozi chake, alisema, "Haa! Bibi, leo unamtoa mtu barazani kwako mwenyewe?"

"Namtoa. Na wewe ukikaa hivyo mdomo wazi nitakuchungulia bure."

Walicheka, lakini wawili wakaondoka. Niliwaona, na yeye aliwaona.

Tulipofika hospitali, Bi Nesi wa wodi, mwanamke wa Mji Mkongwe aliyesema haraka haraka, alichukua jina langu, akamtazama Bibi. "Nani wako huyu?"

"Bibi yangu," nikajibu.

"Kazi yake?"

"Nakata vimio," Bibi akajibu mwenyewe, ameinua kidevu.

Kalamu ya Bi Nesi ilisimama. "Ala! Basi leo umewaletea wenzio mteja."

"Nimeleta mgonjwa. Mteja ningebaki naye."

Tangu hapo wale wawili walipendana kwa namna ya paka na muuza samaki. Bi Nesi akimweleza jambo, Bibi akimrudishia neno kwa neno kuona kama amelishika, na kila mmoja akidhani yeye ndiye anayemfundisha mwenzake.

Niliambiwa nisile wala nisinywe kitu tangu usiku wa kuamkia, kwa sababu tumbo lililojaa na dawa ya usingizi havikai nyumba moja. Asubuhi nikalazwa kwenye meza nyembamba chini ya taa kubwa kama sinia ya harusi. Wakanifunika pua na mdomo kwa kitambaa, wakadondosha dawa tone tone. Harufu yake tamu na kali, kama matunda yaliyovunda ndani ya duka la rangi. "Hesabu," daktari akaniambia, Mhindi mmoja mkali asiyecheka. Mtu wa mnada ukimwambia ahesabu, unategemea nini? Bi Nesi ndiye aliyenieleza baadaye kwamba nilifika saba, nikaanza kunadi kofia ya daktari, nikaiuza mara tatu.

Nilizinduka nimelala ubavu, taulo chini ya shavu. Ubavu, ili damu itoke nje isiingie kifuani. Nikatapika kitu cheusi, nikajua nimekufa. Sauti ya Bi Nesi ikasema, "Hiyo damu uliyoimeza tangu mezani, usitishike." Koo lilikuwa kama nimemeza kaa la moto pamoja na seredani yake.

Bibi, wakati huo, alikuwa nje ya mlango wa kile chumba akidai kitu kimoja. Nimesimuliwa na wote wawili na hadithi zao zilikubaliana, jambo ambalo halikutokea tena. Alidai aoneshwe walichokitoa. Daktari akasema hapana. Bibi akakaa chini mlangoni, akasema basi watamruka. Mwisho Bi Nesi akamletea kibakuli. Ndani mna vinyama viwili, vyekundu vyenye mashimo mashimo yaliyojaa uchafu mweupe, ukubwa wa shokishoki lililomenywa. Bibi alivitazama mpaka Bi Nesi akachoka mkono.

"Miaka yote hii," akasema, "mwizi alikuwa chumbani, na mie nampiga jirani."

Neno hilo hakulirudia mbele ya mtaa.

Siku ya tatu nikaruhusiwa, na Bi Nesi akatukalisha wote wawili. Ninywe, hata kama kila funda linaniliza, kwa sababu koo likikauka ndipo linapouma zaidi. Maji baridi, dafu, maziwa, uji mwembamba uliopoa. Kisha wali laini, ndizi iliyopondwa. Pilipili hapana. Ndimu hapana, achari hapana, chai ya moto hapana, wala kitu kikavu cha kukwaruza, kama bisi au ukoko wa mkate. Nisipige kelele, nisibebe mzigo, kwa wiki mbili. Pande mbili za koo zitafanya utando mweupe. Huo si usaha, huo ni kidonda kinapona. Usiguswe, utaanguka wenyewe. Siku ya nne au ya tano masikio yatauma, na masikio hayana kosa, ni maumivu ya koo yamepita njia hiyo. Na damu mbichi ikitoka, au nikilala na nikawa nameza meza tu kama mtu anayemeza damu, turudi pale pale.

Bibi hakujua kusoma. Alisema, "Ngoja," akarudisha yote kutoka mwanzo, na kwenye bisi akaongeza na njugu kwa akili yake mwenyewe.

Nilihamia barazani kwake, na nataka niseme wazi, sijapata kuuguzwa vile tena maishani. Alinunua barafu ya kiwandani, akaizika ndani ya pumba za mbao kwenye gunia, akaivunja vipande vidogo kama punje za mtama, akaniwekea kimoja kimoja ulimini kila niliposinzia kidogo. Nikikataa kunywa, alikaa mbele yangu na bilauri akinitazama tu, na hakuna mtu mwenye nguvu za kutazamwa hivyo. Sauti yangu ilikuwa imegeuka ya bata. Alinikataza kuitumia. Tukazungumza kwa mikono, yeye akicheka peke yake.

Siku ya tano masikio yakaniwaka. Jirani akasema amenipata shetani wa masikio. Bibi akamjibu, "Shetani huyo ameshaniaga, ana siku mbili tu." Siku ya sita ule utando mweupe ulikuwa umetanda pande zote, na harufu ya kinywa changu ilifukuza nzi. Hapo ndipo nilipomwona akiteseka. Umri wake mzima, weupe kooni ulikwanguliwa kwa kidole na chumvi. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake na mama wa mama yake. Mtaa uliujua ufundi huo. "Mkwangue, Bibi, mtoto wa watu anaoza!" Alichungulia, akatia mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia.

"Nimeambiwa usiguswe," alisema. "Hautaguswa."

Siku ya nane nilikuwa mzima, au nilijiona mzima, ambayo ni hatari zaidi. Bibi alikwenda kuteka maji. Na mbele ya nyumba akapita muuza embe mbichi, zile za kukatwa vipande, chumvi na pilipili juu. Ndugu msomaji, siku nane za uji! Nilikula embe zima. Nililia kila kipande na nilikula kila kipande, na maganda nikayatupa nyuma ya ukuta.

Haukupita muda nikahisi joto kooni, nikatema, mate mekundu. Nikatema tena, mekundu zaidi. Bibi aliporudi aliiacha ndoo ikamwagika. Aliazima gari la hamali, akanilaza ubavu, akasukuma mwenyewe na hamali wake kutoka Jang'ombe mpaka ng'ambo ya Darajani, kanga imemdondoka kichwani na yeye hana habari. Kila hatua kumi aliniinamia. "Tema, usimeze. Tema, baba."

Hospitali wakanikalisha, bakuli chini ya kidevu. Daktari akachungulia, akageuka amekunja uso. Bi Nesi alimtazama Bibi, na urafiki wote wa paka na muuza samaki ukaondoka usoni pake.

"Bibi, umemkwangua?"

Wodi nzima iligeuka kusikiliza. Kila mtu alijua kazi yake.

Nilikuwa na damu mdomoni, siwezi kusema. Lakini kichwa ningeweza kutikisa. Kichwa hawakunitoa. Niliogopa, nikaona haya mbele ya watu wote wale kusema ni embe, na nikaangalia bakuli.

Bibi alinitazama mara moja. Akachukua pembe ya kanga yake akanifuta mdomo. Kisha akawaambia, "Mtibuni kwanza. Maneno baadaye."

Walinibana koo kwa pamba yenye dawa mpaka damu ikakatika, wakanilaza siku tatu nyingine. Yale maneno ya baadaye hayakuja. Mtaa haukuyangoja. Kabla sijatoka wodini Jang'ombe yote ilishajua kwamba Bibi wa Vimio alimpeleka mtu hospitali, kisha wivu ukamshika, akamkwangua donda akataka kumuua. Waliomwamini zamani walisema amezeeka. Waliomwogopa zamani walisema mengine. Nilisikia yote. Nilirudi chumbani kwangu, si barazani kwake, na kila asubuhi nilijiambia nitasema leo. Na kila asubuhi Bibi alikaa barazani, jua limeingia, kopo linachemka, kibao kiko mahali pake, na hakuna anayekuja. Maji yalikauka, akaongeza mengine. Nikipita alinijibu "Marahaba, mjukuu wangu," kama siku zote, na mimi nikapita.

Koo langu lilipona kabisa. Homa za kila mwezi zikaondoka zisirudi, na sauti ikatoka mpya, kubwa kuliko ya kwanza. Sokoni wakasema sasa inafika Bagamoyo. Siku moja narudi kutoka kunadi, nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Amerudi kwao, wakaniambia. Sijui kama umewahi kupita mlango uliofungwa ukatamani mtu atoke akushike kidevu kwa nguvu. Mimi nilipita ule kwa miaka miwili. Nikipiga mwayo, nilipiga kwa makusudi.

Mwisho nikapanda gari ya shamba kwenda Bwejuu. Nilimkuta ufukweni, anaponda makumbi ya nazi kwa kipande cha mti, amekonda, mikono ile ile.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umenenepa. Samaki wanauzika."

Nilikaa mchangani. Nilikuwa nimetunga hotuba ndefu njia nzima, yenye utangulizi, maana siku zile nilikuwa nimeshaingia skuli ya usiku na nilijua utangulizi. Ikanitoka kavu. "Bibi, siku ile nilikula embe."

"Na pilipili," akasema, hakuacha kuponda.

"Ulijua?"

"Punje yake ilikuwa imenasa kwenye jino lako la mbele. Niliifuta kwa kanga kabla Nesi hajaiona."

Nilimwuliza kwa nini, jamani, kwa nini.

"Yule daktari wako alikuwa mkali. Angejua, angekutukana mbele ya wodi. Ungelia. Ungelia, damu ingezidi." Akageuza kumbi, akaliponda upande wa pili. "Nikasema, acha damu ikatike kwanza."

"Na ilipokatika?"

"Ilipokatika, nilikuwa nakungoja weye."

Bahari ilikuwa imekupwa mbali sana. Nikamwambia arudi mjini, nitakwenda nyumba kwa nyumba niseme ukweli. "Sema," akanijibu. "Ni haki yako kusema. Lakini mie sirudi." Na nilisema, wasomaji wangu, nilisema baraza kwa baraza niliporudi. Walinipigapiga begani. "Mnadi bwana! Kwa kutia chumvi huyu! Anamtetea bibi yake." Ndiyo malipo ya mtu aliyewahi kuuza kofia ya daktari mara tatu.

Tulikuwa bado tumekaa hivyo pale ufukweni, alipokuja mwanamke mmoja kijana wa hapo kijijini, ameolewa karibuni, shingo ameizungusha mtandio kwa sababu imevimba. Alimwamkia, akafungua kinywa bila kuambiwa. Bibi akamgeuza kwenye jua.

"Mafindofindo," akamwambia. "Utakwenda mjini, utalazwa, utatolewa. Utapewa dawa inayonuka, utalala. Ukiamka utatapika cheusi, usitishike. Utakunywa hata ukilia. Siku ya tano masikio yatakuwaka, na masikio hayana kosa. Utaona weupe, usiuguse. Damu mbichi ikija, rudi hapo hapo, hata kama una aibu ya kitu ulichokula. Hasa kama una aibu."

Yule kijana alimtazama Bibi, akanitazama mimi, akamrudia Bibi. "Umeyajua yote haya, Bibi. Kwani weye ulishakatwa?"

"Mie? Toba!" Akanipiga goti kwa kiganja chenye mchanga. "Aliyekatwa huyu. Mie niliumwa tu."